Msonobari Mmoja Uliobaki
Bustani ya Nyumbani

 

Leo sitasema juu ya sombe wala vitunguu. Alhamisi iliyopita, kwenye kikao chetu cha akiba, wengi mliona mti mdogo juu ya meza, karibu na sanduku la pesa, mkaniuliza ni mti gani na kwa nini umewekwa kwenye kisanduku cha mbao. Mwenye mti ameniruhusu nisimulie, mradi nisitaje jina lake. Basi sikieni.

Mwaka jana, mwisho wa mwezi wa nane, mama mmoja alibaki nyuma baada ya kikao. Alingoja wengine wote wachukue vitabu vyao vya akiba na kwenda, kisha akafungua kikwembe alichokuwa amekibeba. Ndani kulikuwa na mche katika sashe nyeusi ya pepinieri, umechoka, unafika kwenye goti.

Aliniambia: “Dada, baba watoto alinunua miche thelathini ya sapini ili tupande kwenye shamba letu la mlimani. Alisema watoto watakapofika universite, mbao zitalipa. Alikufa kabla ya mvua. Ndugu zake walichukua shamba, wakachukua na miche. Huu ulibaki nyuma ya jikoni kwa sababu hawakuuona. Sasa napanga chumba kimoja, na mwenye parseli hataki mti. Lakini nimesikia kuna watu wanaweka mti katika sahani, na unaishi humo mpaka unazeeka. Je, huu nao unaweza?”

Habari ya shamba ni ya kweli na inauma, lakini safu hii ni ya bustani. Nitasema neno moja tu. Yeyote anayekuambia kwamba mjane hana kitu kabisa, usimwamini kabla ya kuuliza. Kanuni ya Familia ya nchi yetu, ya mwaka 1987 na iliyorekebishwa mwaka 2016, inamtaja mume au mke aliyebaki kati ya warithi. Nilimpeleka kwa wamama wetu wanaofuata mambo ya sheria. Mimi nikabaki na mche.

Watu hao aliowasikia wapo. Kazi yao inaitwa bonsai, neno la Kijapani lenye maana ya kitu kilichopandwa katika sahani. Desturi yenyewe ilianza China, ikakomaa sana Japani. Wengi wanafikiri bonsai ni aina ya mti kibeti. Sivyo. Ni mti wa kawaida, uleule wa msituni, ambao mtu anauzuia kwa chungu kidogo, kwa mkasi na kwa waya, huku akiutunza usife. Ukiuondoa kwenye sahani ukaupanda ardhini, utarudia kurefuka kama ndugu zake. Nilipomwambia neno hilo, yule mama alinyamaza kidogo, akasema: “Kumbe nikipata udongo wangu siku moja, utaweza kusimama.” Ndiyo, unaweza.

Lakini kwanza tulipaswa kujua ni mti gani. Hapa ndipo wamama wengi wanapotapeliwa. Kwetu kila mti wenye majani membamba unaitwa sapini: msonobari ni sapini, sipre ni sapini, hata filao ni sapini. Kuitofautisha hakuhitaji shule. Shika jani. Sipre haina sindano ndefu: majani yake ni magamba madogo sana yaliyolala juu ya kijiti, kama yamesukwa. Filao inadanganya zaidi, maana inaonekana kuwa na sindano. Vuta moja polepole kwa vidole viwili: itakatika vipande vipande kwenye viungo, kwa sababu hicho ni kijiti chenye viungo, si sindano. Msonobari wa kweli una sindano zilizofungwa pamoja, mbili, tatu au tano, na chini yake kuna kiala kidogo kinachozishika kama uzi unavyoshika fungu la mchicha.

Binti wa yule mama, wa darasa la tano, ndiye aliyehesabu. Alichomoa mafungu kumi, akayapanga sakafuni. Karibu yote yalikuwa na sindano tatu tatu, moja lilikuwa na nne. Zilikuwa ndefu kuliko kiganja changu, laini, zimeinama kama nywele zilizolowa. Hiyo ni dalili ya msonobari patula, mti uliotoka Mexico, ambao umepandwa sana katika milima mirefu ya Afrika kwa ajili ya mbao. Ukiukuta umekua, angalia sehemu ya juu ya shina: gome lake ni jembamba, lenye rangi ya machungwa, linabanduka kama karatasi.

Angalizo moja. Mche wa miezi michache bado hauna mafungu. Sindano zake za utoto zinatoka moja moja, fupi, zenye rangi ya kijani cha buluu. Usiuhukumu mapema ukasema si msonobari. Ngoja ukue.

Nilimwambia mwenzangu ukweli. Wajapani wanapenda zaidi msonobari mweusi wa kwao, wenye sindano mbili, na ule mweupe wenye sindano tano fupi, kwa sababu mti mdogo unapendeza ukiwa na majani mafupi. Patula ina sindano ndefu. Ukiufanya wa urefu wa shibiri, utafanana na ufagio. Lazima uuache uwe mkubwa kidogo, kama sentimita 60 au 80, ndipo sindano zilingane na shina. Alijibu: “Mimi siendi mashindano. Nataka huu.” Basi tukaanza.

Kama wewe unakwenda pepinieri kuchagua mche wa kazi hii, usichague kama mtu anayetafuta mti wa mbao. Mwenye mbao anataka mche ulionyooka, mrefu, usio na matawi ya chini. Wewe unatafuta ule anaoukataa. Fuata mambo manne.

La kwanza, mguu wa mti. Fukua kidogo udongo wa juu kwa kidole, uone mizizi inavyotoka. Mizizi inayotawanyika pande zote kama vidole vya kuku inafaa. Mzizi mmoja uliojizungusha shinani kama kamba haufai, maana utanenepa na kulinyonga shina.

La pili, shina. Liwe nene chini na lizidi kupungua kuelekea juu. Kama limepinda kidogo, ni bahati yako.

La tatu, matawi ya chini yenye sindano hai karibu na shina. Hili ni kubwa kuliko yote. Mparachichi ukiukata, unachipua popote. Msonobari si hivyo. Tawi ukilikata mpaka likabaki bila sindano hata moja, kwa kawaida halichipui tena, linakauka. Kwa hiyo kijani kilicho karibu na shina ndicho akiba yako. Ukikipoteza, hakuna pa kukopa.

La nne, afya. Sindano ziwe za kijani, ncha ziwe na machipukizi. Mche wenye sindano za manjano uuponyeshe kwanza mwaka mzima, ndipo ufikirie mkasi.

Mche wa mwenzetu ulikuwa na mguu mzuri upande mmoja, upande wa pili mizizi ilikuwa imejizungusha ndani ya sashe. Shina lilikuwa nene kama kidole gumba. Matawi ya chini matano yalikuwa hai. Baada ya kukaa nyuma ya jikoni muda mrefu, kwa kweli ulikuwa umejitahidi.

Sasa niungame kosa langu, ili lisiwe lenu. Msonobari wangu wa kwanza niliuua kwa siku moja. Nilinunua mche mzuri mwezi wa sita, kiangazi kikiwa kimeanza. Siku ileile nilikata nusu ya mizizi, nikakata matawi, nikafunga waya, nikauweka kwenye sahani ya bluu, nikawaita majirani waone. Wiki ya kwanza ulikuwa kijani. Ya pili, kijani. Nilijisifu. Baada ya mwezi na zaidi, sindano zote zikawa za rangi ya kutu. Ndipo nilipojifunza kwamba msonobari unaweza kuwa umekufa zamani na bado una kijani, maana sindano zake zinachelewa kutoa habari. Tangu siku hiyo nina sheria moja: kazi kubwa moja, kisha nangoja mti uoneshe nguvu mpya kabla sijafanya nyingine.

Kwa hiyo tulingoja. Tuliufanyia kazi mwezi wa tisa, mvua zilipoanza na machipukizi yalipoanza kuvimba. Kazi ya siku hiyo ilikuwa mizizi tu. Tulipasua sashe kwa wembe. Mizizi tuliifungua kwa kijiti cha mwanzi, kutoka pembeni kuelekea nje, kama unavyofumua nywele za mtoto anayelia. Ile iliyojizungusha chini tuliikata, kama theluthi moja ya mizizi yote, si zaidi. Udongo wa katikati hatukuugusa.

Mle ndani tulikuta nyuzi nyeupe kama za ukungu, zenye harufu ya uyoga. Yule mama alitaka kuziosha. Nilimshika mkono. Huo si ugonjwa. Ni uyoga mdogo unaoishi pamoja na mizizi ya msonobari: unaupa mti maji na chumvi za udongo, mti nao unaupa sukari. Bila huo msonobari unadumaa. Ndiyo sababu wenye pepinieri wanachukua udongo wa chini ya misonobari mikubwa, wanauchanganya katika sashe za miche. Wewe ukibadilisha udongo, acha sehemu ya ule wa zamani ubaki kwenye mizizi.

Juu ya udongo, sisi wa Kivu tuna utajiri ambao watu wa mbali wanaununua kwa bei. Wapenzi wa bonsai wanatafuta changarawe ya volkano, kwa sababu ina vitundu: inashika maji kidogo na kuacha mengine yapite, na mizizi inapata hewa. Tunaijua Nyiragongo kwa machozi, mwaka 2002 na mwaka 2021. Lakini mawe yake meusi yamejenga kuta za nyumba nyingi, na yakipondwa yanajenga pia mizizi. Tuliponda, tukachekecha mara mbili. Vumbi tulilitupa, maana linaziba. Vipande vikubwa kuliko punje ya hindi tuliviweka chini. Vya katikati tuliviweka sehemu tatu, pamoja na sehemu moja ya mboji iliyooza vizuri.

Chungu cha sahani hatukununua. Fundi wa mbao alitupigia kisanduku cha mabaki, kina cha kiganja kimoja, chenye matundu matano chini. Matundu tuliyafunika kwa kipande cha wavu wa mbu ili changarawe isitoke. Mti tuliufunga kwenye kisanduku kwa waya usitikisike, kwa kuwa mizizi mipya ni laini na upepo ukiutikisa mti, inakatika. Kisha tulimwagia maji mpaka yakatoka masafi chini. Matawi hatukugusa hata moja.

Baada ya hapo ilikuwa kazi ya maji na jua. Msonobari hauishi ndani ya nyumba, hata dirishani. Unataka jua la kweli, nje. Mwenzetu aliuweka juu ya ukuta mfupi wa choo, akauzungusha kila wiki ili kila upande upate jua. Maji usimwagie kwa saa, mwagia kwa kidole: tia kidole kwenye changarawe, ikiwa imeanza kukauka juu, mwagia. Ikiwa bado imelowa, acha. Mvua ikinyesha siku tatu mfululizo, inamisha kisanduku upande mmoja maji yatoke. Mbolea tulianza baada ya miezi miwili: kiganja cha kinyesi cha sungura kilichooza, kila mwezi. Kinyesi kibichi kinaunguza mizizi.

Mwezi wa kwanza wa mwaka huu machipukizi yalisimama juu kama mishumaa. Binti alikimbia kuniita. Hapo tukajua mizizi imeshika.

Mwezi wa tatu tukafanya kazi ya pili, matawi. Palipotoka matawi matatu au manne kwenye fundo moja, tulibakiza moja au mawili, maana yakiachwa yote shina litavimba pale kama shingo yenye uvimbe. Ncha ndefu ya juu tuliiacha kwanza. Haitabaki kwenye mti uliokamilika, lakini kadiri inavyokimbilia juu, ndivyo shina la chini linavyonenepa. Itakatwa baada ya miaka miwili au mitatu. Mishumaa mirefu tuliivunja nusu kwa vidole, ile dhaifu tukaiacha, ili nguvu ya juu ishuke kwenye matawi ya chini.

Kisha waya. Fundi wa umeme alitupa vipande vya waya wa shaba vilivyobaki kazini, unene wake kama theluthi ya tawi. Unauzungusha kwa mshazari, si kwa kubanana, halafu unapinda tawi polepole kwa vidole gumba viwili, ukisikiliza. Likilia, acha. Matawi tuliyashusha kidogo, kwa sababu matawi ya mti mzee yanaelemewa na miaka yake. Waya uangaliwe kila wiki. Ukianza kuzama kwenye gome, ukate vipande vipande kwa koleo. Usiuzungushe kuutoa, utavunja tawi. Wetu tuliutoa mwezi wa nane. Matawi yalibaki pale tulipoyaweka, isipokuwa moja lililorudi juu. Hilo tutalifunga tena.

Najua kuna mama anasema moyoni: mambo haya ni ya watu walioshiba. Mwenzetu naye aliambiwa hivyo na kaka yake. Alimwambia auze mche, anunue chumvi. Sitawadanganya kwamba bonsai italipa masomo mwaka huu. Mti kama huu unataka miaka mitano, hata kumi, kabla mtu hajausimamia njiani akautazama. Lakini gharama yake yote mpaka leo ni nauli ya kumletea fundi mabaki ya mbao, na dakika chache kila asubuhi.

Nilimsimulia pia juu ya msonobari mmoja wa Japani, wa sindano tano, ulioanza kulelewa katika chungu mwaka 1625. Ulikuwa wa jamaa ya Yamaki, katika mji wa Hiroshima. Tarehe 6 mwezi wa nane 1945 bomu la atomu lilipoangushwa, nyumba yao ilikuwa umbali wa kilomita kama tatu. Vioo vilipasuka, lakini ukuta uliukinga mti, na watu wa nyumba walipona. Mwaka 1976 mzee Masaru Yamaki aliutoa zawadi kwa Marekani, nchi ileile iliyoangusha bomu, na hakusimulia mti ulipopitia. Mwaka 2001 wajukuu wake walipokwenda Washington kuutazama ndipo wenye kuutunza walipojua. Mti huo ulipokewa mkono kwa mkono na watu ambao wengi wao hawakuonana.

Yule mama alisikiliza, halafu akauliza jambo lililonishinda kwa muda: “Na huu ukifa mkononi mwangu je? Itakuwa kama nimemzika mara ya pili.”

Nilifikiri, nikamjibu hivi. Mti unaweza kufa. Wangu ulikufa. Lakini mche ulioachwa kwenye sashe nyuma ya jikoni ulikuwa unakufa tayari, mizizi yake ikijinyonga. Kuufungua si kuuhatarisha, ni kuupa njia. Na kama ukifa baada ya miaka minne, binti yako atakuwa amejifunza kuhesabu sindano, kusoma udongo kwa kidole, na kungoja. Hivyo ndugu wa mume hawawezi kuvibeba.

Hakujibu kitu. Alhamisi iliyofuata alikuja na kitabu chake cha akiba. Nyuma ya ukurasa wa mwisho, binti alikuwa ameandika kwa kalamu ya buluu: tarehe ya kufungua sashe, idadi ya matawi, na jina la baba yake. Amekuwa akiandika tangu hapo. Alhamisi iliyopita, mlipouona mti mezani, mstari wa karibuni ulikuwa: “Waya umetoka. Matawi matano. Yote hai.”

Kama kuna mwenye mche kwenye sashe nyuma ya nyumba, aje nao Alhamisi. Mwenzetu ndiye atakayewaonesha kupima mizizi, si mimi. Mkono wake umekuwa mwepesi kuliko wangu.

Wiki ijayo tutarudi kwenye sombe na wadudu wake. Mbaki salama, na msalimie wa nyumbani.